Njano Mbele ya Trekta

3 Februari

Mama Mdogo,

Hajaumia. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana dereva wa lori la mafuta anaondoka leo na mdomo wake naujua, atafika yeye na habari zake kabla ya barua hii. Atakwambia trekta limepinduka. Halijapinduka. Limelala ubavu kidogo tu, likaegemea kisiki, na Baba Mdogo akashuka kwa miguu yake mwenyewe akijikung'uta suruali.

Shikamoo. Sisi wazima. Kikohozi changu kimeisha. Bibi nyonga inamsumbua bado? Na mdogo wangu mwambie simu huku haishiki, asidhani namkatalia kuongea naye.

Uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Wakata miti wameshamaliza, magogo yote yameondoka na malori. Kilichobaki ndiyo chetu: matawi, vilele, magome, takataka zote za msitu zimelala chini mpaka huoni pa kukanyaga. Trekta lina mikono miwili mbele, na kwenye mikono kuna meno marefu kama kitana. Baba Mdogo anashusha meno, anasukuma, matawi yanajikusanya, anayanyanyua, anayapanga rundo. Meno hayatakiwi kugusa udongo. Rundo likibeba udongo haliungui, linafuka moshi tu, na huwezi kupanda mche mpya hapo. Yeye alikuwa anajua kuyapitisha juu ya udongo kama mtu anayechana nywele za mtoto. Na marundo yake yanakaa mstari mmoja, ndiyo maana hapa wanamwita Rula. Mimi wananiita Kimya. Sijalalamika, wangeweza kunipa baya zaidi.

Kazi yangu ni kutembea mbele ya trekta kutafuta visiki vilivyofichwa na majani. Nikikiona namwonyesha kwa mkono: kushoto, kulia, njoo, simama. Sauti haifai kitu, injini inameza kila neno.

Jana nilisimama pembeni ya kisiki kikubwa, upande wa kushoto wa Baba Mdogo, nimenyoosha mkono juu kabisa, yaani simama. Akakipanda. Alipotulia akaniambia jua lilimpiga machoni. Nikasema ndiyo. Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Siku hizi akitaka kuangalia pembeni anageuza shingo yote. Na chai nikiiweka kando yake anaipapasa kwanza. Nilitaka kukuuliza kama huko nyumbani aliwahi, lakini basi. Labda ni uchovu.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Dereva wa lori alifika kweli kabla ya barua, akaniambia trekta limebingirika mara tatu. Mara tatu! Nikamuuliza, wewe ulikuwa unahesabu au unakimbia? Akaomba maji ya kunywa.

Hapa tupo. Bibi nyonga ni ile ile, lakini redio imeharibika na hiyo ndiyo inamuuma zaidi. Mdogo wako kang'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi kwenye pengo kutwa nzima mpaka nimemwambia aende akaishi na ndege. Jikoni shuleni sufuria kubwa limetoboka, tunapikia mawili madogo na watoto wanangoja kwa zamu. Paa linavuja pale pale.

Ulianza kuniuliza kitu ukaacha. Na mimi nimeanza kukujibu nimeacha.

Nimekufungia kitambaa. Nimekata pazia la chumba cha wageni, lile la njano, wageni wenyewe siku hizi wako wapi. Jifunge kichwani, kipande kingine uvae begani, na utembee nacho mbele yake, katikati, si pembeni. Mwambie ni cha kuzuia jua. Usimwambie kimetoka kwangu.

Ndani ya kitambaa kuna kichupa. Ni dawa ya matone. Kiweke pale anapoweka wembe wake wa ndevu. Usiseme neno. Atakijua.

Kula vizuri. Usilale na viatu vilivyolowa.

Mama Mdogo wako


8 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Bibi mpe pole ya redio. Huku mvua imekuja ikaenda, chumba chetu cha bati kilikuwa kinapiga kelele kama tumefungiwa ndani ya debe.

Siku niliyojifunga pazia wenzangu walilala chini kwa kicheko. "Kimya ameolewa!" Mmoja akanipigia vigelegele mpaka kwenye trekta. Baba Mdogo aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Pazia hilo nalijua." Nikadhani sasa ni ugomvi. Halafu akasema, "Tembea."

Tangu siku hiyo hajapanda kisiki. Nikienda kulia anaenda kulia. Nikisimama anasimama. Mstari umenyooka tena na watu wanamsifu Rula, kumbe Rula siku hizi ni miguu yangu. Siku moja niliumwa tumbo nikatembea upogo, na marundo yakakaa upogo vile vile.

Pazia lilipolowa tulijaribu rangi nyingine. Alisema tu, "Vaa kile chekundu." Chekundu kinapotea kwenye udongo. Cheupe kinafanana na visiki vilivyokatwa, akaanza kufuata kisiki akidhani ni mimi. Cha bluu hakukiona kabisa. Njano tu. Hakuna aliyesema kwa nini tunajaribu rangi. Tulikuwa kama watu wanaochagua nguo dukani.

Kichupa hakipo tena kwenye wembe. Sijui anatia machoni au amekitupa.

Nimemwomba anifundishe lile trekta. Akanipandisha. Kwenda naweza. Nikishusha meno yanazama kwenye udongo. "Shuka," akasema, "hatujaja kulima."

Kuna kitu kingine. Msimamizi ameruhusu wamama wa huku waje kuokota kuni kwenye marundo, anasema kinachobebwa kinatupunguzia cha kuchoma. Wanaingia meno yanaponyanyuka tu, hata trekta halijageuka. Kuna mmoja wenzake wanamwita Jenereta kwa sababu mdomo wake hauzimiki. Akiniona lazima anichokoze: "Bwana harusi, leo hata salamu hutoi?" Mimi uso unaniwaka, naangalia chini. Nikiangalia chini na Baba Mdogo hana mtu wa kumwangalia.

Mama Mdogo, haoni. Nimeandika nimefuta, nimeandika tena. Anaona pale mbele tu, kama mtu anachungulia kwenye bomba. Nilisimama ubavuni kwake karibu kabisa nikapunga mikono yote miwili, akaendelea kunywa chai.

Niambie nifanye nini. Mimi nitafanya.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mdogo wako amekuchorea trekta, nimelifunga humu. Hilo duara la njano ni wewe.

Najua. Nimejua kabla yako. Ni presha ya macho, tulikwenda wote hospitali ya macho, daktari akasema kilichoondoka hakirudi, kilichobaki ndiyo cha kulinda kwa matone. Baba Mdogo wako alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na nje getini akaniambia, "Yule kijana hajui kazi."

Unakumbuka alipoacha kuendesha lori? Tuliwaambia watu ni mgongo. Haukuwa mgongo. Aligonga geti la yadi akitoka, geti ambalo amelipita miaka yote, wakamwambia apumzike. Wewe ulikuwa kwa mjomba wako wakati ule, hukuona. Alikaa chumbani kwenye kiti ameangalia ukuta. Hakunyoa. Chakula alikuwa anakipokea na kukiweka sakafuni. Mdogo wako akaniuliza, "Mama, ukuta umemkosea nini baba?" Mimi mpishi, nimezoea kunung'unikiwa na watoto mia kwa mpigo, lakini ule ukimya ulinishinda.

Ilipokuja habari ya hiyo kazi yenu akaamka akaoga. Hakuwaambia wenye kazi kitu kuhusu macho. Na mimi nikampigia shati pasi. Sasa umejua.

Nikasema uende naye wewe. Wengine walitaka kwenda. Nilikuchagua wewe kwa sababu unaangalia na husemi.

Kwa hiyo nakuomba, endelea kutosema. Malizeni shamba hilo tu. Likiisha nitamwambia mwenyewe arudi, na huo ukuta nitakaa nao mimi. Ukisema sasa watamshusha mbele za watu, na akishushwa kwenye kiti kile sijui kama atapanda kitu kingine chochote duniani.

Wamama wa kuni wafukuze tu. Piga kelele.

Mama Mdogo wako


11 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mchoro nimeubandika juu ya kitanda. Kelele nilijaribu kupiga, wakacheka wakaniuliza kama nimemeza chura.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi.

Jenereta alikuja na khanga mpya ya njano. Kaivaa begani hivi, kama mimi. Wenzake wakamshangilia, "Mke wa Kimya!" Mimi nilikuwa nimeinama mbele ya trekta navuta waya uliojifunga kwenye tawi, waya wa wakata miti, ungeingia kwenye gurudumu. Nimeinama kabisa, kitambaa changu kiko chini kwenye majani. Yeye akapita kule mbele na mzigo wake, akasimama, akamwita mwenzake kwa mkono. Njoo, njoo.

Kwetu hiyo ni ishara. Njoo.

Baba Mdogo akaenda. Nilisikia injini inanguruma, nikajitupa pembeni, meno yamejaa matawi yanapita juu ya kichwa changu yanaelekea kwa yule mama. Nikapiga kelele. Safari hii nilipiga kweli, nilihisi koo linachanika, lakini ni injini ile ile. Nikapunga. Mimi nilikuwa tayari pembeni, Mama Mdogo. Pembeni ni kama sipo.

Jenereta aligeuka akaona meno. Akatupa mzigo, akaanguka kinyumenyume kwenye shimo la kisiki kilichong'olewa. Meno yakashuka juu ya mzigo wa kuni, yakausaga. Halafu trekta likasimama. Watu wanasema Rula kashika breki vizuri. Alisimama kwa sababu njano ilipotea. Angeendelea kuiona angeendelea kwenda.

Yule mama akatoka shimoni, kajaa udongo mpaka kwenye kope. Akasimama mbele ya trekta mikono kiunoni. "We dereva! Kipofu wewe?"

Watu wakacheka, maana walikuwa wameogopa. Baba Mdogo naye akacheka kule juu. Nilimwona anavyocheka, ameshika usukani kwa mikono miwili na trekta limezimwa.

Chumbani akaniuliza, "Ni yule mwenye sauti?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeinama."

Halafu akasema, "Usiiname tena." Basi. Akatoa kile kichupa mfukoni, kumbe alikuwa nacho, akakiangalia kwa karibu sana kama anasoma, akakirudisha mfukoni.

Asubuhi yake nikaenda kwa msimamizi. Najua uliniambia nisiseme. Niliona ile khanga kila nikifumba macho. Ofisi yake ni kontena, ndani kuna meza na feni inayozunguka nusu inakwama. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona.

"Kimya! Leo umekuja kuongea?"

Nikasema, "Ni wale wamama. Dereva hawaoni."

Nilikuwa nataka kuendelea. Wallahi nilikuwa na maneno mengine, nimeyapanga njia nzima. Lakini yeye akapiga meza. "Na atawaonaje? Wanavaa rangi ya matope! Si nilisema mimi?" Akaanza kuongea habari za usalama, akaniambia mimi nina akili kuliko watu wote hapa, ni vile tu sisemi. Akaandika kwenye karatasi. Anaagiza vizibao, kila mama wa kuni kimoja, vile vya kung'aa.

Nikauliza, "Vya rangi gani?"

"Njano, bwana. Kuna rangi inayoonekana kuliko njano?"

Nikasema asante. Mama Mdogo, niliposema asante nilitamani feni ile iniangukie.

Vinakuja na lori lile lile la mafuta linaloleta barua zako. Niambie haraka.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Sema. Yale niliyokuandikia mwanzo yachane.

Nenda kwa huyo msimamizi, usisimame mlangoni, ingia, na ukishindwa kusema mpe barua hii aisome mwenyewe: Mume wangu haoni. Ni mimi mkewe ninayesema. Mshushe kwenye trekta leo.

Ukuta utakuwepo tu. Huyo mama ana watu wake. Nilikuwa naangalia chumba changu kimoja kama dunia yote ni hicho.

Sikusalimia. Nisamehe. Niko kituoni namngoja huyu mtu wa lori ajaze matairi upepo.

Mama Mdogo wako


9 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika saa hii hii pamoja na vizibao. Vilikuwa kwenye kiti kimoja, barua chini, vizibao juu. Msimamizi akachukua vya juu kwanza.

Amevigawa mwenyewe. Akasimama kwenye ngazi ya kontena akawaambia wamama wanishukuru mimi. Wakanipigia makofi. Halafu akaingia kwenye gari lake akaenda mjini, na mimi ndiyo nimepewa barua na dereva wa lori, nimeisoma nimesimama. Vumbi la gari lake lilikuwa bado halijatua. Nilikimbia kidogo. Gari ni gari.

Nikaenda kwa wamama. Nikawaambia, "Vueni, tafadhali." Unajua walivyonijibu? "Kimya anatuvua nguo!" Jenereta akajishika kifuani na kizibao chake, akasema, "Bosi wako amesema asiye na kizibao haokoti kuni. Nikivua utaniokotea wewe?" Nikamwambia, "Mama, dereva haoni." Nimelisema, Mama Mdogo. Nimelisema kwa sauti. Akacheka akasema, "Hilo nilimwambia mimi zamani," wakashuka wote bondeni.

Nikaenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa anapaka grisi kwenye meno. Nikamwambia leo wote wamevaa njano, tupumzike, trekta lina hitilafu, tuseme hivyo. Akasema, "Halina hitilafu." Nikamwambia kwamba wewe umeniandikia. Hakuuliza umeandika nini. Aliendelea kupaka grisi mahali alipokwisha kupaka. Halafu akasema, "Wewe nitakujua kwa mwendo." Nikamwomba asiwashe mpaka anione nimesimama mbele yake. Akasema, "Lini niliwahi kuwasha bila kukuona?" Na ni kweli, hajawahi hata siku moja.

Ndiyo nikaja huku kwenye lori, dereva anamwaga mafuta kwenye tangi, amenipa muda mpaka pipa liishe. Naandikia gotini. Nataka uje. Usingoje lori hili, panda chochote. Mimi nikisema watu wanacheka, wewe ukisema watu wanakaa. Njoo na ile karatasi ya hospitali. Msimamizi akirudi jioni nitaingia ndani kama ulivyosema, sitasimama mlangoni, barua yako iko mfukoni

Mama Mdogo, trekta limewaka.

Mimi niko huku. Lile halijawahi kuwaka bila mtu wa njano mbele yake. Amemwona mtu amesimama, akadhani ni mimi. Kutoka hapa naona vizibao vingi sana na meno yanapanda. Nampa dereva karatasi hii ilivyo, naenda, lazima nifike mbele kabla yule mtu hajamwita mwenzake kwa mkono